Kaare Klint na kiti chenye jina la Kiswahili



Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma maisha ya wafalme, wamisionari, madaktari na wapigania uhuru. Leo nawaletea maisha ya mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa viti. Najua wengine wameanza kucheka. Ngojeni kwanza. Mtu huyu alifanywa profesa kwa sababu ya viti na makabati, tena katika chuo cha kifalme, na kiti chake kimoja kina jina ambalo hata mtoto mdogo wa soko la Baraka analijua. Kinaitwa kiti cha Safari. Si mimi niliyetafsiri. Huko kwao Ulaya wanakiita hivyohivyo, safari, kwa neno letu.

Jina lake ni Kaare Klint. Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1888 mahali paitwapo Frederiksberg, pameshikamana na Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Denmark ni nchi ndogo ya Skandinavia, jirani ya Uswidi na Norwe. Watu wa upande ule si wageni kabisa kwetu Kivu ya Kusini, maana Waswidi walifika Uvira na Wanorwe wakafika Kaziba katika miaka ya 1920, na hospitali za Lemera na Kaziba zilitokana na kazi yao. Lakini Klint mwenyewe hakuwa mmisionari, na sijasoma popote kwamba alifika Afrika. Kiti chake ndicho kilichotoka kwetu, kama mtakavyoona mbele.

Baba yake aliitwa Peder Vilhelm Jensen-Klint. Mzee huyu alisomea uhandisi, akaacha, akawa mchoraji wa picha, kisha akawa mjenzi mwenye kuchora majengo. Tena alikuwa na mikono isiyotulia. Mwanzoni mwa karne ya 20 alitengeneza taa ya mafuta, akaona inakosa kifuniko, basi akachukua karatasi akaikunja mikunjo mingi midogo mpaka ikawa kofia ya taa. Nyumbani kwao watoto walikua wakiona karatasi zikikunjwa mezani. Mtaikuta tena karatasi hiyo katika habari hii.

Kaare naye alianza na rangi na brashi. Alijifunza uchoraji wa picha, na baadaye kazi ya majengo akaipatia ofisini, kwanza kwa baba yake, halafu kwa mjenzi mwingine aliyeitwa Carl Petersen. Hapo ndipo alipopata kazi yake ya kwanza ya viti. Katika mji mdogo wa Faaborg, tajiri mmoja mwenye kiwanda cha vyakula vya makopo, Mads Rasmussen, alikuwa amekusanya picha za wachoraji wa kisiwa chao, akataka kuzijengea nyumba ya makumbusho. Carl Petersen akachora jengo, na kijana Klint akapewa viti, mwaka 1914. Alikuwa na miaka 25 tu.

Tuseme wewe umepewa kazi ile. Ungefanya nini? Nafikiri wengi wetu tungechora kiti kikubwa cha heshima, cha kumwonyesha tajiri kwamba pesa yake haikupotea. Klint alijiuliza swali lingine: mgeni anafanya nini ndani ya makumbusho? Anatembea, anasimama mbele ya picha, anachoka, anataka kukaa, halafu anasogea kwenye picha nyingine. Basi kiti lazima kiwe chepesi, mtu akibebe kwa mikono yake bila kumwita mtumishi. Tena sakafu ya nyumba ile ilikuwa ya vigae vya nakshi, na kiti kizito kingeificha. Kwa hiyo mgongo na pande akazifuma kwa henzerani, ile kamba ya msituni ambayo wengine hapa kwetu wanaiita kekele, ili jicho lipite katikati lione sakafu. Miti yake ilikuwa ya mwaloni. Kiti cha Faaborg kinatajwa mpaka leo kuwa mwanzo wa viti vya kisasa vya Denmark, na ukitazama picha yake hutadhani kina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Baada ya hapo ndipo ilipoanza tabia yake iliyomfanya ajulikane, na mimi nakiri ndiyo iliyonifanya niandike. Klint alianza kupima. Alipima mwili wa mtu: kutoka chini mpaka goti, kutoka goti mpaka kiuno, kiwiko kinafika wapi mtu akikaa, mkono unafika wapi akinyoosha. Akapima na vitu. Kabla ya kuchora kabati la nguo alipima shati lililokunjwa. Kabla ya kuchora kabati la vyombo alipima sahani, vikombe, vijiko na uma. Akatafuta kabati lenye kuingiza vitu vingi bila kuwa kubwa. Siku zile wenzake wengi walidhani samani ni mambo ya mapambo, maua ya kuchonga na miguu ya simba. Yeye aliona ni mambo ya futi ya kupimia.

Mwaka 1924 chuo cha kifalme cha sanaa cha Copenhagen kikaanzisha masomo ya samani, na Klint akawa mwalimu wake. Sasa sikieni alivyofundisha. Hakuwaambia vijana wafunge macho wabuni kitu ambacho hakijaonekana duniani. Aliwapeleka kwenye viti vya zamani. Walichukua kiti cha Waingereza cha karne ya 18, au cha Wachina, au cha wakulima wa Marekani wa dhehebu la Washeka walioishi maisha ya kujinyima, wakakipima kila kipande, wakakichora karatasini sawasawa na kilivyo. Klint aliamini mafundi wa kale walikwisha kutatua shida nyingi kabla yetu, na kwamba anayebuni bila kuwajua anapoteza muda wake akitafuta kilichokwisha kupatikana.

Wakati uleule, huko Ujerumani, vijana wa shule ya Bauhaus walikuwa wakikunja mabomba ya chuma kuwa viti na kutangaza kwamba mambo ya kale yamekwisha. Klint hakuwafuata. Walimwona mtu wa nyuma. Leo wote wawili wanaheshimiwa, lakini mimi ni mtoto wa nyumba ya seremala na upande wangu mnaujua.

Wakati huo huo alikuwa na kazi nyingine kubwa. Copenhagen ilikuwa na hospitali ya zamani ya karne ya 18, hospitali ya Mfalme Frederik. Ndani yake alifariki mwaka 1855 Søren Kierkegaard, yule mwandishi wa mambo ya imani ambaye wanafunzi wa kalasi ya sita wamemsikia kwenye somo la falsafa. Hospitali ilikwisha kufungwa, basi ikaamuliwa iwe makumbusho ya kazi za mikono. Klint na wenzake waliigeuza kuanzia 1921 mpaka 1926, naye akachora samani za ndani. Kwa ukumbi wa mafundisho wa makumbusho hayo alichora, mwaka 1927, kile kiti cha mahogani na ngozi ya mbuzi ambacho watu walikiita kiti chekundu. Mfano wake aliutoa kwenye kiti cha Kiingereza cha karne ya 18, akatoa mapambo yote, akaacha mifupa tu, kama tunavyosema. Kilipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Barcelona mwaka 1929.

Hapa lazima niseme neno moja la kumlaumu. Mahogani ile ilitoka Kuba, na kazi yote ilifanywa kwa mkono na mafundi wa Rud. Rasmussen, nyumba ya maseremala wa hali ya juu kabisa mjini. Nani aliweza kununua? Si mvuvi wala mkulima. Klint alipima mwili wa kila mtu, lakini viti vyake vingi viliingia katika nyumba za wachache. Jambo hili wanafunzi wake ndio waliolirekebisha.

Na maseremala wenyewe walikuwa na shida. Msidhani Denmark ya miaka ile ilikuwa nchi ya raha kwa fundi. Viwanda vilikuwa vikimwaga samani za bei ya chini, na watu walikuwa wakinunua kiwandani, wakimwacha fundi na randa yake. Basi mwaka 1927 chama cha maseremala wa Copenhagen kikaanza kufanya maonyesho kila mwaka. Fundi mmoja alishirikiana na mchoraji mmoja, wakaleta kitu kipya mbele ya watu, watu wakatazama, wakalaumu, wakasifu, magazeti yakaandika. Maonyesho yale yaliendelea mpaka 1966, miaka karibu 40, na ndimo vilimotokea viti vingi ambavyo matajiri wa leo wanavitafuta kwenye minada kwa pesa nyingi.

Niliposoma habari hiyo nilimfikiria baba yangu mdogo, ambaye ni seremala hapa Baraka. Siku hizi anatengeneza zaidi milango na majeneza. Viti, watu wananunua vya plastiki. Sivikatai viti vya plastiki, ni vyepesi, mvua haiviharibu, na kwenye matanga unavipanga mia kwa dakika chache. Lakini mguu ukivunjika hakuna wa kuushona, unakitupa. Nilimwuliza kwa nini wao maseremala hawaonyeshi kazi zao mahali pamoja. Akacheka, akanijibu kwamba kila mmoja anaogopa mwenzake asiibe mfano wake. Kumbe kwa Klint kuiga mfano ndiyo ilikuwa shule yenyewe!

Haya, tufike kwenye kiti chetu.

Mwaka 1930 Klint alichora kigoda cha kukunja, cha miguu inayopishana kama herufi X. Vigoda vya namna hiyo ni vya kale sana. Wamisri wa wakati wa mafarao walikuwa navyo, na askari wa Ulaya walikwenda navyo vitani. Shida yake ni kwamba ukikikunja, miguu inabaki imekaa kombo, fimbo nne zilizofungwa ovyo. Klint alitaka kikikunjwa kiwe kitu kimoja kizuri. Akachukua fimbo ya mviringo, akaipasua kwa mkato unaozunguka kama panga la ndege, nusu ikawa mguu huu na nusu ikawa mguu ule. Ukifungua unapata miguu miwili iliyopinda. Ukikunja, nusu mbili zinalaliana, fimbo inarudi kuwa mzima kana kwamba haikupasuliwa. Jaribuni kuchora jambo hilo kwenye kaye yenu ya hesabu, mtaona si la mchezo. Kigoda chenyewe hakikuanza kutengenezwa kwa kuuzwa mpaka 1962, yeye amekwisha kufa.

Halafu mwaka 1933 kikaja kiti cha Safari. Habari yake inaanzia mbali. Mwishoni mwa karne ya 19 maofisa wa jeshi la Waingereza huko India walikuwa na kiti cha kambini, nacho kilipewa jina la mji wa Roorkee, walikokuwa wahandisi wa jeshi. Kiti kile kilivunjwa vipandevipande, kikafungwa kama mzigo wa kuni, kikaenda popote jeshi lilipokwenda. Kikafika Afrika Kusini kwenye vita ya Makaburu, kikafika Kenya na wawindaji wa tembo na simba. Huko Kenya, katika miaka ya 1920, walikaa mume na mke Wamarekani, Martin na Osa Johnson, waliopiga sinema za wanyama. Kambi yao ilikuwa kaskazini, karibu na Marsabit, kando ya ziwa walilolipa jina la Paradise. Baadaye walifika hata Congo yetu, wakapiga sinema kati ya Wambuti wa msitu wa Ituri, ikaonyeshwa mwaka 1932 kwa jina la Congorilla. Basi katika picha za safari zao Klint, akiwa Copenhagen kwenye baridi yake, aliona kiti cha kambini. Mwingine angetazama simba. Yeye alitazama kiti.

Akakichukua, akafanya kama alivyowafundisha wanafunzi wake: akakipima upya kwa mwili wa mtu na kukisafisha. Nawaeleza kilivyo, maana hiki hata seremala wa Fizi anaweza kukielewa mara moja. Kina miguu minne iliyochongwa mviringo, ya mti mweupe mgumu ambao Wadenmark wanauita ask. Kina vijiti vinne vya kuunganisha miguu, viwili pande na viwili mbele na nyuma. Ncha za vijiti ni nyembamba kuelekea mwisho, kama penseli iliyochongwa, na matundu ya miguu yamechimbwa kwa umbo lilelile. Hakuna msumari. Hakuna gundi. Unachomeka kijiti kwenye tundu, unakivuta na turubai la kukalia kwa mikanda, basi. Mikono ya kiti ni mikanda ya ngozi. Mgongo umeshikwa kwa namna ya kuzunguka, ukiegemea unafuata mgongo wako.

Sasa ajabu yake ni hii. Kiti cha kawaida ukikikalia kila siku kinalegea, kwa sababu uzito unavuta viungo. Kiti hiki ukikikalia, uzito wako unavuta turubai, turubai linavuta miguu, miguu inabana vijiti. Mtu anapokaa, kiti kinakaza. Na kwa kuwa viungo havikugandishwa, kila mguu unaweza kushuka au kupanda kidogo kutafuta ardhi, hivyo hata mahali penye mawe kinasimama kwa miguu yote minne. Ninyi mliokaa kwenye viti vya matanga uwanjani, kipande cha tofali chini ya mguu mmoja, mnajua ninachosema. Ukimaliza, unalegeza mikanda, unachomoa, unafunga mzigo.

Nilimchorea baba mdogo kiti hicho kwenye tablo la karakana yake. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akakumbuka mwaka 1996, vita ilipofika, watu wengi wa Fizi walipokimbilia ziwani wakavuka mpaka Kigoma na kuishi kambi ya Nyarugusu. Walibeba sufuria, mikeka, watoto. Hakuna aliyebeba kiti. Yeye mwenyewe aliacha viti sita vipya vya mteja, akaacha na randa. Watu walipoanza kurudishwa Baraka kwa meli mwaka 2005 walikuta nyumba bila paa, sembuse viti. Akasema kama angejua kiti cha namna ile siku zile, angekijenga kule kambini, kwa sababu kambini kila mtu alikaa akijua kesho ataondoka. Mimi nikafikiri pia juu ya picha ile ya safari. Mwindaji amekaa kitini. Na aliyekibeba kiti juu ya bega, kutwa nzima juani? Wapagazi wa zamani waliotembea toka pwani mpaka Ujiji, na wengine wakavuka kuja upande wetu, walibeba mizigo ya namna hiyo, na jioni walikaa chini. Kitabu kinaitwa cha safari, kiti kinaitwa cha safari, neno ni lao, kiti hawakukikalia. Simlaumu Klint kwa hilo, lakini nisingeweza kuandika habari yake nikaliruka.

Turudi Copenhagen, maana kuna kazi ambayo kwa shule kama yetu haiwezi kuachwa.

Baba yake, mzee Jensen-Klint, alikuwa akijenga kanisa kubwa la kumkumbuka mchungaji Grundtvig. Nikolaj Grundtvig aliishi 1783 mpaka 1872, alikuwa mchungaji wa Kilutheri, alitunga nyimbo za kanisa zaidi ya elfu moja, na ndiye aliyefikiri shule za vijana wa vijijini, shule zisizo na mtihani. (Ndiyo, mmesoma vizuri, zisizo na mtihani. Msianze kupiga kelele kwa prefe.) Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Hata ngambo ya ziwa letu, Tanzania ilianzisha mwaka 1975 vyuo vya maendeleo ya wananchi kwa kufuata mfano wa shule hizo za Skandinavia.

Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa tarehe 8 Septemba 1921, siku ya kuzaliwa ya Grundtvig. Kanisa lote ni matofali ya manjano, mamilioni ya matofali, kuta, nguzo, mpaka dari. Ndani hakuna rangi wala picha, ni tofali na mwanga wa madirisha. Mwaka 1930 mzee akafa, kazi haijaisha. Kaare akaichukua. Kwa miaka kumi alijenga kanisa la baba yake kwa kufuata michoro ya baba yake, na mwanawe Esben akamsaidia. Lilifunguliwa tarehe 8 Septemba 1940, nchi ikiwa chini ya majeshi ya Wajerumani tangu Aprili mwaka ule. Babu, baba na mjukuu katika jengo moja.

Na watu wakae juu ya nini ndani ya kanisa kubwa namna ile? Klint hakutaka mabanchi mazito. Mwaka 1936, kwa ajili ya kanisa jingine la Copenhagen linaloitwa Bethlehem, alikuwa amechora kiti cha kanisa, na kiti hicho kikaingia pia kanisa la Grundtvig. Ni kiti cha watu maskini, kwa maneno mazuri. Miti yake ni bøg, mti wa kawaida kabisa wa misitu ya kwao. Mahali pa kukalia pamefumwa kwa majani, kama mafundi wetu wanavyofuma kwa mafunjo ya ziwani. Nyuma ya mgongo kuna kisanduku cha kuwekea kitabu cha nyimbo, kwa ajili ya mtu aliyekaa nyuma yako. Viti vinaunganishwa kwa fimbo ndefu visimame mstari mmoja, na wakitaka kusafisha au kupanga upya, wanachomoa fimbo. Umbo lake alilitoa kwenye viti vya zamani vya wakulima. Zaidi ya viti elfu moja vya aina moja katika nyumba ya tofali tupu. Mimi kati ya kazi zake zote ningechagua hicho kuliko kiti chekundu cha Barcelona.

Wakati wa vita ile ndugu yake Tage alifungua, mwaka 1943, kiwanda kidogo cha taa za karatasi, zilezile za kukunjwa za baba yao. Mwaka uliofuata Kaare akawachorea taa ya mviringo ya karatasi iliyokunjwa ambayo inauzwa mpaka leo. Mwaka huohuo 1944 akafanywa profesa, baada ya miaka 20 ya kufundisha. Waingereza walimpa heshima yao mwaka 1949. Alikuwa mtu mgumu kazini, mchoro mmoja aliuchora na kuuchora tena mwaka baada ya mwaka, na idadi ya samani zake si kubwa ukilinganisha na waliomfuata.

Waliomfuata ndio hawa. Børge Mogensen alisoma kwake, na mwaka 1942 akawekwa kuongoza samani za chama cha ushirika cha Denmark, chama chenye maduka mpaka vijijini. Mwaka 1947 akachora kiti kilichozaliwa na kile cha kanisa: mti wa bøg, mahali pa kukalia pamefumwa kwa kamba ya karatasi, maana vita ilikuwa imeleta uhaba wa majani mazuri. Wakakiita kiti cha watu wote, na bei yake mfanyakazi aliweza kuilipa. Ole Wanscher, mwanafunzi mwingine, ndiye aliyepokea kiti chake cha uprofesa. Hans Wegner, mtoto wa fundi viatu, hakusoma kwa Klint lakini alikua katika njia ile ya kutazama viti vya kale, hasa vya Wachina. Kiti chake cha mwaka 1949 ndicho alichokalia Kennedy kwenye mabishano ya televisheni na Nixon mwaka 1960.

Kaare Klint alifariki tarehe 28 Machi 1954, akiwa na miaka 65. Mwaka uleule maonyesho makubwa ya kazi za Skandinavia yalianza kuzunguka miji ya Marekani na Kanada, yakazunguka mpaka 1957, na huko ndiko ulimwengu ulikoanza kuvigombania viti vya Denmark. Yeye hakuyaona hayo. Kiti cha Safari bado kinatengenezwa Denmark, na bado kinaletwa kwa mnunuzi kikiwa vipande.

Baba mdogo amekwisha kuchonga miguu miwili. Miwili mingine anangoja ubao ukauke.